Albert Howard, bingwa wa mboji aliyetaka uchafu wa miji urudishwe shambani

SIR Albert Howard alipofariki jijini London mnamo Oktoba 20, 1947, akiwa na umri wa miaka 73, wengi wa wanasayansi wenzake walikuwa wamekwisha kumhesabu kuwa mzee aliyeiacha njia. Alikuwa amehitimu kwa alama za juu katika Chuo Kikuu cha Cambridge na kutunukiwa cheo na Mfalme, lakini akaitumia miaka yake ya mwisho kuwahimiza watu wathamini majani makavu, samadi na kinyesi.

Hata hivyo, swali alilolishikilia hadi kaburini ndilo linalowakabili leo wahandisi wa majitaka, maafisa wa mazingira na wakulima wa pembezoni mwa jiji la Nairobi. Swali lenyewe ni hili: kinachotoka katika miji, baada ya watu kula na kushiba mazao ya mashamba, kinastahili kuishia wapi?

Katika bonde la Mathare swali hilo si la darasani. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu zaidi ya watu 206,000 katika kaunti ndogo ya Mathare, eneo la takriban kilomita tatu mraba. Nyumba nyingi za mabati hazina choo cha ndani. Wakazi hutegemea vyoo vya kulipia, vyoo vya shimo na mitaro inayoteremka moja kwa moja hadi mtoni.

Mto huo wa Mathare hujiunga na Mto Nairobi, nao Mto Nairobi humwaga maji yake katika Mto Athi. Athi hubadilika jina na kuwa Galana, kisha Sabaki, hadi unapoingia Bahari Hindi kaskazini mwa Malindi. Hivyo basi, rutuba iliyotolewa katika mashamba ya Kiambu, Nyandarua na Kirinyaga ikaletwa Nairobi kwa magunia ya viazi na mahindi, husafiri mamia ya kilomita na kupotelea baharini.

Howard angelihuzunishwa na safari hiyo. Na jambo wasilolijua wengi ni kwamba aliwahi kufika Nairobi, na kwamba shamba mojawapo la kwanza barani Afrika kuutumia mtindo wake wa kutengeneza mboji lilikuwa Kiambu, mwendo mfupi tu kutoka bonde hilo la Mathare.

MWANA WA MKULIMA

Howard alizaliwa Desemba 8, 1873 katika eneo la Bishop's Castle, wilaya ya Shropshire nchini Uingereza, karibu na mpaka wa Wales. Baba yake, Richard Howard, alikuwa mkulima. Kijana huyo alikua akizijua kazi za zizi na za shamba kabla ya kuvijua vitabu, na hilo ndilo alilojivunia maisha yake yote.

Alisomea sayansi jijini London, kisha akajiunga na chuo cha St John's katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1896 alifaulu kwa daraja la kwanza katika sayansi ya viumbe, na mwaka uliofuata akapata stashahada ya kilimo.

Mwaka 1899 alipelekwa visiwa vya Karibi kufundisha kilimo na kuchunguza magonjwa ya mimea yanayoletwa na kuvu. Kazi yake ilikuwa kukaa maabara, kuitazama miwa na mikakao iliyougua, kisha kuwaeleza wakulima la kufanya.

Ni huko alikoanza kuingiwa na shaka. Alijiona kama tabibu asiyewahi kumiliki mgonjwa hata mmoja: anatoa ushauri juu ya mimea ilhali hana shamba la kuujaribia ushauri huo. Aliporejea Uingereza mwaka 1903, akaajiriwa na chuo cha kilimo cha Wye, Kent, alikofanya utafiti juu ya mihopi, mmea unaotumiwa kutengenezea pombe. Shaka ile haikumtoka.

WAKULIMA WA INDIA WAWA WALIMU

Fursa aliyoitamani ilimjia mwaka 1905, serikali ya Uingereza ilipomteua kuwa mtaalamu wa mimea katika kituo kipya cha utafiti cha Pusa, Bihar, nchini India. Mwaka huo huo alimwoa Gabrielle Matthaei, mwanasayansi wa Cambridge aliyekuwa tayari amejipatia sifa kwa utafiti wake kuhusu jinsi majani yanavyotumia mwanga na joto kujitengenezea chakula.

Huwezi kuyaeleza maisha ya Howard bila kumtaja mwanamke huyo. Walifanya kazi bega kwa bega kwa robo karne, wakaandika makala pamoja, na mwaka 1913 Gabrielle akapewa wadhifa rasmi katika idara hiyo ya serikali, jambo lililokuwa nadra kwa mwanamke wa zama hizo.

Kwa pamoja walizalisha aina mpya za ngano zilizostahimili ugonjwa wa kutu na kutoa mavuno mengi. Ngano za Pusa zilienea katika sehemu kubwa ya India na kumpa Howard heshima serikalini. Mwaka 1914 alitunukiwa nishani ya Dola ya Uhindi.

Lakini kilichombadilisha zaidi si ngano. Alipokabidhiwa shamba lake la ekari 75 pale Pusa, aliamua kufanya jambo ambalo wenzake waliliona kuwa la kujishusha: aliwachunguza wakulima wa vijiji vya jirani. Aligundua kuwa mimea yao haikusumbuliwa sana na wadudu wala magonjwa, ingawa hawakuwa na dawa wala mbolea za viwandani.

Akawafanya wakulima hao walimu wake. Wadudu na magonjwa nao akawahesabu kuwa wakaguzi, wanaomwonyesha mkulima mahali alipokosea. Miaka michache baadaye alidai kuwa fahali wake, waliolishwa majani yaliyoota katika udongo wenye mboji, walikaribiana hata kugusana pua na ng'ombe wa jirani waliougua ugonjwa wa miguu na midomo, na hawakuambukizwa.

Dai hilo lingemletea maswali mengi, kwani lilikuwa ni ushuhuda wa mtu mmoja wala si jaribio lililopimwa. Hata hivyo kwake lilikuwa mwanga. Aliamini kuwa afya ya udongo, mmea, mnyama na binadamu ni kitu kimoja kisichogawanyika.

MTINDO WA INDORE

Mwaka 1924 Howard alihamia Indore, katikati mwa India, kuongoza taasisi ya utafiti wa mimea iliyogharimiwa zaidi na wazalishaji wa pamba. Alipewa ekari 300 na uhuru ambao hakuwahi kuwa nao Pusa. Kwa ushirikiano na mkemia wa Kihindi, Yeshwant Wad, alitafuta jibu la swali moja: mkulima asiye na fedha atapata wapi mbolea?

Walisoma kwa makini habari za wakulima wa Uchina, ambao kwa karne nyingi walilisha umati mkubwa wa watu kwa kurudisha shambani kila kilichotoka shambani, kikiwamo kinyesi cha mijini. Mwanasayansi wa Marekani, F. H. King, alikuwa ameyaeleza hayo katika kitabu kilichotoka mwaka 1911, na Howard alikithamini mno.

Walichunguza pia kazi ya Gilbert Fowler, Mwingereza aliyehusika katika utafiti wa Manchester uliozaa mwaka 1914 mbinu ya kusafisha majitaka kwa kuyapulizia hewa ili vijidudu vyenye manufaa viule uchafu. Fowler alikuwa amehamia Bangalore, India, na huko akajaribu kutumia tope la majitaka kama hamira ya kuozesha taka za mashambani.

Kutokana na hayo yote, Howard na Wad walibuni mtindo uliokuja kuitwa wa Indore. Ulikuwa mwepesi kiasi cha kumwezesha mtu asiyejua kusoma kuufuata. Mabaki ya mimea, kama majani, mabua na magugu, hupangwa kwa tabaka pamoja na samadi, udongo uliolowa mkojo wa ng'ombe na jivu. Kwa kadiri ya ujazo, mimea huwa sehemu tatu na samadi sehemu moja.

Rundo hunyunyiziwa maji liwe na unyevu wa sifongo iliyokamuliwa. Kuvu huanza kazi, kisha bakteria hufuata, na joto hupanda hadi nyuzi 60 na zaidi. Rundo hugeuzwa mara kadhaa ili hewa ipite, na baada ya takriban miezi mitatu huwa mboji nyeusi isiyonuka.

Joto hilo ndilo siri ya mambo. Huua mbegu za magugu, funza wa nzi na vijidudu vingi vya maradhi. Kwa sababu hiyo, mwaka 1934 Wad na mtaalamu mwenzake walichapisha taarifa iliyoonyesha jinsi mtindo huo ulivyoweza kutumiwa kuondoa kinyesi na takataka za makazi ya watu pasipo kuhatarisha afya. Kazi ya shamba ikawa imeingia mjini.

Gabrielle hakuishi kuyaona hayo. Alifariki mwaka 1930. Howard, akiwa ameelemewa na majonzi, alistaafu mwaka 1931 na kurudi Uingereza. Mwaka huo alichapisha pamoja na Wad kitabu kuhusu matumizi ya taka za kilimo, na akamwoa Louise, dada ya marehemu mkewe, ambaye ndiye aliyekuja kuyaandika maisha yake ya India.

SIKU YA KIAMBU

Mwaka 1933 Howard alizuru Afrika. Alipokuwa Nairobi akijiandaa kwenda kulitazama Bonde la Ufa, alijiwa na Meja Belcher, msimamizi wa shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Kiambu. Belcher alikuwa ameagizwa na tajiri wake, Meja Ewart Grogan, aanze kugeuza taka zote za shamba kuwa mboji kwa mtindo wa Indore, na hakujua aanzie wapi.

Howard aliahirisha utalii wake, akashinda siku hiyo shambani akionyesha mashimo yachimbwe wapi, nyasi zikatwe vipi na samadi ichanganywe kwa kiasi gani. Kazi ilikuwa ndiyo kwanza imeanza, mwezi wa Februari mwaka huo.

Katika kipindi cha miezi 28 kilichoishia Mei 1935, shamba hilo lilitengeneza tani 1,660 za mboji. Gharama ilikuwa shilingi nne na peni nne kwa tani, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitumika kukusanya malighafi. Wageni walimiminika kutoka Uganda, Tanganyika, Kongo ya Wabelgiji na nchi za kusini kuja kujionea. Huko Taveta nako, mabaki ya katani yaliyokuwa yakitupwa yakaanza kugeuzwa mboji.

Habari hiyo ina upande wa pili, ambao vitabu vya Howard havikuugusa. Grogan ndiye yule mlowezi aliyewachapa Waafrika viboko hadharani mbele ya mahakama ya Nairobi mwaka 1907. Ardhi ya Kiambu iliyokuwa ikirutubishwa ilikuwa imetwaliwa kutoka kwa wenyewe, na mikono iliyokata nyasi na kugeuza marundo ilikuwa ya vibarua waliolipwa ujira mdogo, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Watu walionyang'anywa ardhi katika sehemu za Kiambu na Murang'a ndio waliokuwa miongoni mwa walowezi wa mwanzo wa bonde la Mathare, palipokuwa na machimbo ya mawe. Wakati wa Hali ya Hatari, mwaka 1954, serikali ya mkoloni ilibomoa makazi hayo katika operesheni ya kuwasaka wafuasi wa Mau Mau. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 watu walirejea kwa wingi, lakini mabomba ya majitaka hayakuwafuata.

Kwa hivyo elimu ya mboji ilipita jirani kabisa na Mathare, ikawanufaisha wenye mashamba makubwa, na haikuteremka bondeni. Penye miti, wahenga walisema, hapana wajenzi.

MIJI NA VYOO VYAKE

Mwaka 1934 Howard alipewa cheo cha 'Sir'. Badala ya kustarehe, aligeukia suala lililomkera zaidi, nalo ni miji. Katika kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1940 kuhusu kilimo alitenga sura nzima kueleza matumizi ya taka za miji.

Hoja yake ilikuwa hivi. Choo cha maji kiliokoa maisha ya watu wengi, kwani kiliondoa kipindupindu na homa ya matumbo katika miji ya Ulaya. Lakini kilikuwa pia bomba la kuivujia ardhi damu, kwa sababu madini yote ambayo mmea uliyafyonza udongoni yalimwagwa mtoni na baharini. Mkulima alilazimika kununua kiwandani kile ambacho mji ulikitupa.

Hakutosheka na kulalamika. Alitaja mifano ya miji ya India na ya Afrika Kusini iliyokuwa ikichanganya takataka na kinyesi na kupata mboji. Mji wa Ficksburg, Afrika Kusini, ulikuwa miongoni mwa ile iliyoanza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1930. Nchini Uingereza kwenyewe alieleza jinsi taka zilizosagwa za mtaa wa Southwark, London, zilivyotumiwa kurutubisha mashamba ya mihopi ya kampuni ya Guinness.

Fikra hizo zilipata wafuasi. Lady Eve Balfour alizitegemea katika kitabu chake cha mwaka 1943, na mwaka 1946 kikaanzishwa chama cha Soil Association. Nchini Marekani, J. I. Rodale alianzisha mwaka 1942 jarida la kueneza kilimo hicho. Harakati za kilimo hai zinazojulikana duniani leo zina mizizi yake hapo.

UPINZANI

Si wote waliokubali. Wanasayansi wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, walikuwa na shamba la ngano lililokuwa likitiwa mbolea za viwandani tangu mwaka 1843, na lilikuwa bado likitoa mavuno mazuri. Kwao hiyo ilikuwa hoja tosha dhidi ya madai kwamba mbolea hizo huiua ardhi.

Walimkosoa pia kwa kudai mengi kuliko alivyoweza kuthibitisha. Kusema kwamba karibu magonjwa yote ya mimea, wanyama na watu hutokana na udongo usio na mboji kulikuwa kuvuka mpaka wa ushahidi. Naye, kwa ukali wake, aliwajibu kwa kuwashutumu kuwa wanachunguza vipande vidogo vidogo na kukisahau kitu kizima.

Historia haikumpa ushindi kamili upande wowote. Mbolea ya naitrojeni iliyotokana na ugunduzi wa Wajerumani Fritz Haber na Carl Bosch imelisha mabilioni ya watu, na hakuna serikali inayoweza kuiacha ghafla. Lakini udongo uliokosa mboji hushindwa kushika maji, huchukuliwa na mvua na hudai mbolea zaidi kila mwaka.

Wakulima wa Kenya walilionja hilo zama za ukoloni na mwaka 2022 kwa njia tofauti: wa kwanza kwa uchovu wa ardhi iliyobanwa katika hifadhi za mkoloni, wa pili kwa bei. Mwaka 2022 bei za mbolea zilipaa kiasi kwamba serikali ililazimika kutoa ruzuku na kuuza gunia la kilo 50 kwa Sh3,500. Usitupe mbachao kwa msala upitao.

TOPE LA KARIOBANGI

Mtambo wa kusafisha majitaka wa Kariobangi, ulio upande wa chini wa Mathare karibu na Korogocho, ulijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na baadaye kupanuliwa ili uweze kupokea mita za ujazo 32,000 kwa siku. Sehemu kubwa zaidi ya majitaka ya Nairobi hupelekwa katika mabwawa ya Ruai, yaliyo mashariki zaidi.

Katika mtambo wa aina ya Kariobangi, majitaka hutulizwa ili vizito vizame, kisha maji hupitishwa juu ya mawe yenye utando wa vijidudu. Kilichozama ni tope, ambalo huozeshwa katika matangi yasiyo na hewa na kuanikwa juani. Tope lililokauka lina naitrojeni na fosforasi. Ni mali, lakini ni mali yenye miiba.

Mwiba wa kwanza ni maradhi. Mayai ya minyoo ya tumbo huweza kustahimili ukavu kwa miezi mingi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka yai lisizidi moja katika kila gramu ya tope kavu kabla halijatumiwa shambani. Hapa mbinu ya Howard inafaa, kwani joto la rundo la mboji likidumishwa kwa siku za kutosha huyaua mayai hayo.

Mwiba wa pili ni ule ambao Howard hakuujua. Taka za zama zake zilikuwa majivu, maganda na samadi. Majitaka ya leo huchanganyika na maji ya viwanda, ya gereji, ya waosha betri na ya wachovya vyuma. Risasi na kadimiamu haziozi wala haziungui kwa joto la mboji. Zikiingia shambani hukaa humo, na baadhi hupanda hadi kwenye mboga.

Ndiyo maana jimbo la Maine nchini Marekani lilipiga marufuku mwaka 2022 kumwagwa kwa tope la majitaka mashambani, baada ya kemikali zisizooza kupatikana katika ardhi na maji ya wakulima. Mtu akimnukuu Howard bila kulijua hilo, huwaangamiza wale anaotaka kuwasaidia.

Kinachohitajika, basi, ni utaratibu wa kusimamia mazingira unaoanzia kiwandani na kuishia shambani. Kiwango cha kimataifa cha ISO 14001, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1996, kinaeleza misingi yake: kuyajua madhara, kuweka malengo, kumtaja anayewajibika, kupima, kuandika na kusahihisha.

Kwa lugha nyepesi, kiwanda kisiruhusiwe kumwaga sumu katika bomba la umma. Tope lipimwe kabla ya kutoka katika mtambo. Liozeshwe kwa joto linaloandikwa kila siku. Liende katika mashamba yanayojulikana, kwa kiasi kinachojulikana, na lianze kwa miti, nyasi na mazao yasiyoliwa mabichi. Udongo nao upimwe mwaka baada ya mwaka.

Kenya haikosi sheria. Ipo Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, zipo kanuni za ubora wa maji, na ipo sheria ya usimamizi endelevu wa taka ya mwaka 2022. Katiba ya mwaka 2010 imetamka katika kifungu cha 43 kuwa usafi wa mazingira ya kuishi ni haki ya kila mtu.

Mifano nayo ipo. Kuanzia mwaka 2011 shirika la Sanergy liliweka vyoo visivyotumia maji katika mtaa wa Mukuru na kugeuza kinyesi kuwa mbolea ya mboji. Mjini Naivasha, shirika la Sanivation limekuwa likikigeuza kuwa makaa ya kupikia.

Wakati huo huo, wakulima wa maeneo kama Maili Saba, upande wa mashariki wa jiji, kwa miaka mingi wamenyunyizia mboga zao majitaka mabichi. Wao walikwisha kutambua kwa macho yao kile alichokitambua Howard, yaani kwamba uchafu una rutuba. Walichokosa ni maabara, mafunzo na mtu wa kuwalinda wao na walaji wao.

URITHI

Howard hakuacha mtoto wala mali nyingi. Kitabu chake cha mwisho kikubwa kilitoka mwaka 1945, miaka miwili kabla ya kifo chake. Baada ya kufariki kwake, Louise aliendelea kuitunza kazi ya mumewe na ya dada yake, na mwaka 1953 akachapisha kitabu kuhusu miaka yao ya India.

Alikosea katika mambo kadhaa. Alidai mno kuhusu afya, aliwadharau wapinzani wake, na hakuona dhuluma iliyokuwa imezunguka mashamba aliyoyasaidia. Lakini aliona mapema kuliko wengi kwamba mji usiorudisha chochote shambani hula mtaji wake wenyewe.

Aliona pia kwamba wanaojua zaidi si lazima wawe wenye shahada. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama hadi kwenye samadi ya mkulima maskini wa Bihar akaokota elimu.

Mwezi Aprili mwaka 2024 mito ya Nairobi ilifurika, Mathare ikapoteza watu na nyumba nyingi, na majitaka yakaingia hadi vitandani. Baadaye serikali ilibomoa makazi yaliyokuwa kando ya mto na kuahidi kuyasafisha mabonde hayo. Mipango ya mabomba mapya imechorwa na kuchorwa tena.

Mabomba yatahitajika, kwa kuwa hakuna mtoto anayestahili kuruka mtaro wa kinyesi akienda shule. Ila bomba peke yake huhamisha tu tatizo kutoka Mathare hadi Kariobangi, na kutoka Kariobangi hadi Athi. Tope litazidi kuongezeka kadiri watu watakavyounganishwa, na kila tani itahitaji mahali pa kwenda. Jiji litakalolipima na kulitunza litakuwa limepata mbolea kwa ajili ya mashamba yanayolilisha. Litakalolitupa litakutana nalo tena katika maji ya wale wanaoishi chini ya mto.